Mkoko Si Mkandaa: Majina ya Miti ya Maji ya Chumvi na Upandaji Wake katika Visiwa vya Lamu

Utangulizi

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo kati ya msamiati na upandaji, au kwa usahihi zaidi, kati ya majina ambayo Waswahili wa visiwa vya Lamu wameipa miti inayoota katika maji ya chumvi na kazi ya kuipanda upya pale ilipotoweka. Hoja inayotetewa ni kwamba neno mikoko, kwa jinsi linavyotumika katika Kiswahili sanifu, limefunika tofauti ambazo mpandaji hana budi kuzijua, ilhali tofauti hizo zimo katika majina ya wenyeji. Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akajiuliza miti ya topeni inamhusu nini. Inamhusu kwa kuwa kosa linalojadiliwa hapa huanzia katika neno kabla ya kufika topeni.

Kenya ina takriban hekta 61,000 za misitu hii, na kama hekta 37,000 kati ya hizo zimo katika Kaunti ya Lamu: kisiwani Pate, katika hori za Mongoni na Dodori, na kaskazini kuelekea Kiunga. Kijiji kimoja cha bara kinachoelekeana na kisiwa cha Kiwayuu huitwa Mkokoni, jina lisilohitaji ufafanuzi. Misitu hiyo iliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1932, lakini ukataji uliendelea kwa vibali, na majahazi yalipeleka boriti Uarabuni na Ghuba hadi usafirishaji nje ulipopigwa marufuku mwaka 1982. Amri ya Februari 2018 ya kusitisha ukataji wa miti misituni iliwaumiza wakataji wa Lamu, ambao wengi wao hawakuwa na kazi nyingine. Isitoshe, ujenzi wa bandari mpya huko Magogoni, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2021, uliondoa sehemu nyingine ya msitu. Kwa hiyo kupanda si jambo la anasa. Swali ni kupanda nini, na wapi.

Majina na mahali pa kila mti

Nchini Kenya hutambuliwa aina 9 za miti hii. Mkoko wenyewe, ambao wanabotania huuita Rhizophora mucronata, ni aina moja tu kati ya hizo. Zilizobaki ni mkandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Mkoko na mkandaa ndiyo iliyo mingi kupita yote, na pengine ndiyo sababu jina la mmoja wao likachukuliwa kuwakilisha jamii nzima.

Hapa inafaa kutua kidogo kuhusu uundaji wa majina. Kiambishi ki- katika kikandaa kinamfanya msikilizaji adhani kwamba mti huo ni mkandaa mdogo. Kwa mtazamo wa mtaalamu wa mimea, miti hiyo miwili ni ya koo mbalimbali kabisa. Vilevile neno dume katika mkomafi dume halina maana ya jinsi, kwani linatofautisha tu aina mbili zinazokaribiana. Mwenyeji aliipanga miti kwa umbo, matumizi na mahali inapoota, na mpango wake unamsaidia mpandaji kuliko ule wa koo.

Mahali ndipo penye uzito. Mlilana husimama mbele kabisa, ukipigwa na mawimbi, na mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni kama pia zilizopinduliwa. Nyuma yake huja mkoko, unaojishikilia kwa mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui kwenye tope laini linalofunikwa na maji mara kwa mara. Muia, ambao mizizi yake hujikunja mithili ya magoti, huchanganyika na mkoko au huufuata. Mkandaa hupenda ardhi ya juu zaidi, iliyo ngumu kiasi. Kikandaa na mkomafi huwa upande wa nchi kavu. Mchu hauna adabu ya mstari: huonekana mbele karibu na mlilana, kisha huonekana tena nyuma, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu na chumvi hukolea juani. Mti huo hutoa chumvi kupitia majani yake hata chembe zake zikaonekana kwa macho. Ndio pia unaostahimili baridi kupita wenzake wote, kwani huota hata kusini mwa Australia, katika jimbo la Victoria, ambako mkoko haufiki.

Mkoko unaalika maua

Msemo wa “huo ni mwanzo tu, mkoko unaalika maua” unafahamika kwa kila mzungumzaji. Walimu wetu huufafanua kwamba jambo ndilo kwanza linaanza, makubwa yanakuja. Mara nyingi hatuulizi kwa nini mkoko, wala si mwembe au mnazi, ambayo nayo hutoa maua. Kwa maoni ya mwandishi, jibu limo katika mti wenyewe. Ua la mkoko likishachanua, huchukua zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tunda kukomaa. Tena mbegu yake huota ingali juu ya mti: hutoa kijiti cha kijani kinachorefuka polepole hadi kufikia sentimita 50 au hata kuzidi, kikaning'inia, kisha kikadondoka kikiwa mche tayari. Anayeona ua la mkoko bado ana mengi ya kuona. Kitenzi alika hapa kina maana ya kupasuka na kufunguka, wala si ile ya kumwita mgeni karamuni.

Upandaji wenyewe

Umbo hilo la mbegu ndilo linalorahisisha kupanda mkoko. Vijiti vilivyokomaa hutambulikana kwa pete ya rangi ya manjano inayojitokeza pale kijiti kinaposhikana na tunda. Huokotwa au huchumwa, vilivyotobolewa na wadudu vikatupwa. Maji yakipwa, kila kijiti hudidimizwa topeni kiasi cha thuluthi moja ya urefu wake, ncha iliyochongoka ikiwa chini, kwa nafasi ya kama mita moja. Hakuna haja ya kitalu wala jembe. Adui wa kwanza ni kaa, ambao hukata na kula miche michanga. Mkandaa nao hupandwa vivyo hivyo, ingawa kijiti chake ni kifupi na chembamba zaidi.

Urahisi huo ndio mtego. Mtu akiambiwa “tukapande mikoko,” atachukua kile kilicho rahisi kuchukuliwa, yaani kijiti cha mkoko, na kukidunga popote penye tope. Akikidunga mbele, mahali pa mlilana, mawimbi yataking'oa. Akikidunga nyuma, mahali pa mchu, chumvi itakikausha. Jambo hili si la kubuni. Nchini Ufilipino fedha nyingi zilitumika kupanda kandokando ya bahari, na mwaka 2008 mtaalamu Jurgenne Primavera na mwenzake walionyesha kwamba miche iliyodumu kwa muda mrefu kwa kawaida ilikuwa asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kuu ilikuwa kupanda aina ya jamaa wa mkoko mahali pasipo pake, pengine kwa kuwa mbegu zake ni rahisi kupata. La ajabu kwa mwanaisimu ni kwamba katika Kitagalogi neno bakawan lina maana mbili: msitu mzima wa namna hii, na pia jamaa huyo wa mkoko peke yake. Neno bakau la Kimalei liko vivyo hivyo. Si rahisi kuthibitisha kwamba neno ndilo lililosababisha hasara, lakini halikumzuia mtu kuipata.

Wakataji wa Lamu hawakuwa na utata huo. Lugha yao ya biashara hutenga fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene, na huihesabu kwa korija, yaani 20. Walijua pia kwamba mchu ukikatwa huchipuka upya, ilhali mkoko uliokomaa haurudi tena kutoka kwenye kisiki. Vikundi vya wanawake vinavyopanda kisiwani Pate vinarithi elimu hiyo pamoja na majina yake, mradi wanaoviandikia miongozo wasiyafute.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba waandishi wa kamusi waeleze mkoko kama aina, na kutaja kwamba wingi wake hutumika pia kwa jamii nzima. Nao watungaji wa miongozo waandike jina la mti kamili katika kila hatua. Kazi ngumu itabaki kwa mlilana: tunda lake lina mbegu ndogo nyingi zisizoweza kudungwa topeni, na hulazimu kuoteshwa kitaluni kwanza, zikalindwa, ndipo miche ipelekwe mbele kwenye mawimbi.