Simu ya Mkononi na Mazungumzo ya Nyumbani Wakati wa Likizo

Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa abiria. Wengi wao ni Wachagga wafanyao kazi mbali na mlima, nao hurejea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo kuadhimisha Krismasi pamoja na wazazi wao. Kwa watoto waliozaliwa mjini, siku hizo chache ndizo fursa yao kubwa, na pengine ya pekee, ya kusikia Kichagga kikisemwa tangu asubuhi hadi usiku. Kwa hiyo yafaa kuuliza: mtoto akaapo karibu na bibi yake huku mmoja wao, au mzazi aliye kati yao, ameinamia simu, ni kitu gani hasa kinachopotea?

Watu wengi hudhani kuwa kinachopotea ni muda tu. Hesabu hiyo haitoshi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, watafiti wa Marekani Jessa Reed, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliwataka akina mama 38 wawafundishe watoto wao, wenye umri wa miaka 2 na kitu, maneno mawili mapya, moja baada ya jingine. Somo la neno moja lilikatizwa na simu iliyolia, mama akaipokea. Somo la neno jingine halikukatizwa. Watoto walijifunza neno lisilokatizwa. Lile lililokatizwa hawakulijifunza. La ajabu ni kwamba idadi ya mara ambazo neno lilitamkwa kwa dakika haikutofautiana katika masomo hayo mawili. Masikio ya mtoto yalipata kiasi kile kile cha sauti, lakini neno halikuingia.

Sababu yaweza kueleweka kwa kuangalia jinsi neno linavyofundishwa nyumbani. Bibi aonyeshapo majani ya isale yaliyopandwa mpakani mwa kihamba, mtoto hufuata kwanza macho na kidole chake, kisha hulitazama jani, kisha humrudia bibi usoni ili ahakikishe kuwa wote wawili wanatazama kitu kimoja. Hapo ndipo sauti hukutana na kitu. Na isale si jani tu. Mchagga hulipeleka kwa aliyemkosea ili kuomba radhi, na maelezo hayo huja baadaye, kwa swali la mtoto na jibu la mzee, wala hayatafutwi kwa haraka. Mnyororo huu ukikatwa katikati hauendelei pale ulipoachwa. Aghalabu huanzwa upya, au huachwa kabisa.

Uso nao una kazi yake. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake waliwaomba akina mama wawatazame watoto wao wachanga kwa uso mkavu, bila tabasamu wala jibu. Watoto walijaribu kumvuta mama kwa sauti na mikono. Waliposhindwa, waligeuza nyuso zao pembeni. Mtu aliyezama katika simu ana uso unaokaribiana sana na huo. Huko mlimani mara nyingi mambo yamegeuka: anayeukabili uso huo mkavu ni mzee, na mjukuu ndiye aliyeuvaa.

Hata watu wazima huathirika, ingawa kwa kiasi kidogo. Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn walichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa watu zaidi ya 300 waliokula mkahawani pamoja na rafiki au jamaa zao. Wale ambao simu zao zilikuwa mezani walikiri kuwa mawazo yao yalitawanyika zaidi, na walifurahia chakula hicho pungufu kuliko wale walioziweka mbali. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, na haifai kutiwa chumvi.

Wala haifai kuilaani simu. Robert Kraut na wenzake walitangaza mwaka 1998 kuwa watumiaji wapya wa intaneti huko Pittsburgh walipunguza mazungumzo na jamaa zao. Walipowafuatilia tena, matokeo yao ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa sehemu kubwa ya madhara hayo ilikuwa imetoweka. Isitoshe, huduma ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, imekuwa msaada mkubwa kwa wazee wengi walioachwa vijijini. Anayedai simu zizimwe kutwa nzima hajamfikiria mwana aliye ng'ambo, ambaye sauti yake ni sehemu ya sikukuu hiyo.

Familia itakayo kujaribu jambo hili yaweza kuchagua jioni mbili. Jioni ya kwanza kila mtu akae na simu yake kama kawaida. Jioni ya pili simu zote ziwekwe chumba kingine tangu chakula kinapopakuliwa hadi wazee waende kulala, isipokuwa moja, yenye mlio wa kusikika, kwa ajili ya walio mbali. Asubuhi inayofuata kila jioni, watoto waulizwe ni maneno gani ya Kichagga waliyoyasikia usiku, na ni nani aliyeyasema.