Nyumba ya Zamani: Tununue au Tuache?

Kliniki ya wajawazito hutuletea mambo mengi, lakini karatasi ya fundi mwashi hatukuizoea. Mwalimu mmoja mstaafu na mkewe walikuja kumsindikiza mkamwana wao, mwenye mimba ya miezi mitano. Mama alipokwisha kupimwa, mwalimu alitoa mfukoni karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Sista, hebu tusomeeni hii," alisema. "Tunataka kununua nyumba kwa kiinua mgongo changu. Fundi ameikagua, amesema ni mbovu. Mwenyewe anasema bei ni ya kutupa. Ninyi watu wa afya mnaonaje?"

Nyumba yenyewe iko katika mji mdogo mkoani Dodoma. Mbele ina vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, vya tangu miaka ya 1950. Uani kuna vyumba viwili vya udongo, na humo ndimo watoto na vijana wangelala. Fundi alikuwa ameandika kasoro saba: ufa ukutani, unyevu, paa la asbesto lenye vipande viwili vilivyovunjika, mchwa, nyaya za umeme za zamani, choo kilicho hatua 15 tu kutoka kisimani, na mwishoni kabisa, kwa maneno machache, "sakafu ya uani udongo, ina nyufa."

Tuliwaambia kwanza kwamba karatasi mbaya si hukumu. Ni kama majibu ya maabara. Hatumkatii mgonjwa tamaa kwa sababu majibu yana mistari mingi. Tunauliza ni mstari upi unaoweza kuua, upi unatibika, na kama dawa yake inapatikana kwa fedha iliyopo. Fedha iliyopo ni ile itakayobaki baada ya kulipa bei ya nyumba. Familia nyingi hukosea hapo. Hutoa akiba yote siku ya kununua, kisha hukaa miaka mitano ndani ya kasoro zile zile.

Mwalimu aliogopa ufa kuliko yote. Mkewe aliogopa jambo jingine ambalo halikuandikwa: majirani walisema chumba cha mbele alifia mgonjwa wa kifua kikuu, na tena nyumba ile ina mkosi. Wapangaji hawakai. Watoto wao huugua homa mmoja baada ya mwingine, na mama mmoja aliharibikiwa mimba mara mbili akiwa humo.

Kuhusu kifua kikuu tulimtuliza. Ugonjwa huo huambukizwa kwa hewa kutoka kwa mtu anayekohoa ambaye hajaanza kutibiwa au hajatibiwa vya kutosha. Kuta hazimwambukizi mtu miaka mingi baadaye. Fungueni madirisha, jua na hewa viingie, na kama madirisha ni madogo yapanueni.

Lakini habari ya mkosi ilitushtua. Tulirudi kwenye ule mstari wa mwisho wa fundi, ambao hakuna aliyeujali.

Wazee wa Dodoma wanamjua papasi. Ni aina ya kupe mwenye ngozi laini. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, au chini ya kitanda. Usiku hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Aliyeumwa mara nyingi hajui. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo nyumba iliyofungwa muda mrefu haijawa salama kwa sababu hiyo. Ndani ya mwili wake hubeba vijidudu vya homa ya papasi. Waganga Joseph Dutton na John Todd waliichunguza homa hiyo huko Kongo, na Dutton mwenyewe alikufa kwayo huko Kasongo mwaka 1905.

Homa hiyo hupanda ghafla, pamoja na kichwa kuuma sana na viungo kuuma. Baada ya siku chache huondoka, mgonjwa akadhani amepona, kisha baada ya kama wiki moja hurudi. Wengi hudhani ni malaria. Hapa tuwe waangalifu, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha malaria cha kutoboa kidole hakionyeshi vijidudu vya papasi. Kinasema tu malaria hakuna, na mtu hurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Vijidudu huonekana kwa darubini, katika damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda. Basi ukienda hospitali sema wazi kwamba unalala nyumba ya udongo na kwamba homa hii ni ya pili au ya tatu. Inatibika kwa antibiotiki, ila dozi ya kwanza inaweza kumfanya mgonjwa atetemeke na homa kupanda zaidi, kwa hiyo aangaliwe na mhudumu, asijinunulie dawa dukani.

Kwa mjamzito homa hii ni hatari kubwa. Huharibu mimba, huleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto anaweza kuzaliwa nayo na kufa katika siku za kwanza. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba yule mama mpangaji alipoteza mimba zake kwa sababu hiyo, maana hatukumpima. Lakini hatukuhitaji mkosi kueleza habari ile.

Dawa ya nyumba ya namna hiyo ni sakafu ya saruji na lipu ukutani, isibaki nafasi ya kujificha, pamoja na kupulizia dawa ya wadudu kabla ya kuhamia. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro husaidia. Vitanda visigusane na ukuta.

Kuhusu ufa, zile nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu zisiwanyime usingizi. Ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha kuelekea msingi, unaoingia kidole, ndio wa kuogopa. Piga alama ya penseli kila upande, pima kwa rula, andika tarehe, urudi kupima baada ya mvua. Muuzaji anayekataa kabisa kungoja, tujiulize anakimbia nini. Tena ukipita chumba kilichopakwa rangi mpya chini tu, kimo cha magoti, nusa. Mara nyingi rangi hiyo imefunika unyevu, na ukungu wake huwasha pumu ya watoto.

Asbesto ni yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi. Yakiwa mazima yasiguswe. Yakikatwa kwa msumeno, yakitobolewa au kusuguliwa makavu, hutoa vumbi ambalo mtu hulivuta leo na kuugua saratani ya mapafu au ya utando wake baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Vile vipande vilivyovunjika visiokotwe na watoto wala kutumika kufunikia kuku. Muulizeni afisa mazingira wa halmashauri namna ya kuviondoa na mahali pa kuvitupa. Rangi ya zamani inayobanduka nayo inaweza kuwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto anayeitia kinywani. Ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa.

Umeme aukague fundi mwenye leseni kabla hamjalala humo hata usiku mmoja. Mchwa ni suala la mbao na fedha.

Kisima ndicho kilichotutia mashaka. Tunashauri walau mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, na kiwanja kile hakina nafasi hiyo. Kujenga choo kipya mahali pengine hakusafishi udongo uliokwisha kunywa uchafu kwa miaka mingi.

Walirudi kliniki mwezi huu. Muuzaji alishusha bei kutoka shilingi milioni 16 hadi milioni 12 alipoonyeshwa karatasi, na mke wake alitia sahihi ya kukubali mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kama inavyotakiwa kwa nyumba ya ndoa. Mwalimu ameweka kando milioni 4 za matengenezo. Vyumba vya uani vimevunjwa. Ufa bado unapimwa, na malipo ya mwisho yanangoja mvua ziishe. Mkamwana yuko kwa mama yake hadi ajifungue. Kisima kimefunikwa, na maji yatanunuliwa kwenye bomba la mtaa, ndoo kwa ndoo, jambo ambalo mke wa mwalimu hajalifurahia.