KIPIMO CHA UNYEVU WA MAHINDI KISAFIRI SALAMA

Katika skimu zetu viko vikundi vya wakulima vilivyochanga fedha na kununua kipimo cha betri cha kupimia unyevu wa mahindi. Wakati wa mavuno kipimo hicho huzunguka shamba hata shamba, na mara nyingi huharibikia njiani.

Msimu mmoja mimi mwenyewe nilikifunga kwa mpira kwenye keria ya pikipiki bila kukizungushia kitu, kwa kuwa safari ilikuwa fupi. Nilipofika kilionyesha 12. Mzee mwenye shamba alitia punje mdomoni akaiuma, akasema, "Karani, haya bado." Naye alisema kweli.

Kosa hilo lingaliweza kumtia hasarani. Mahindi ya kuweka ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yakizidi, huota kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa.

Basi kabla ya kukifunga kipimo, pangusa kikombe chake kwa brashi laini iliyo kavu. Usikioshe kwa maji. Toa betri uzifunge peke yake katika kitambaa, mbali na funguo na sarafu, kwa maana chuma kikigusa ncha zote mbili betri hupata moto. Betri zikiachwa ndani, kipimo chaweza kujiwasha njiani, au zikavuja na kula shaba.

Tafuta sanduku la mbao au la bati, ulitandike vipande vya godoro la sponji au blanketi kuukuu, chini, kando na juu. Ukilitikisa usisikie kitu kikigonga. Kwenye pikipiki libebe mgongoni au mapajani, si kwenye keria. Kwenye matatu usilipandishe juu ya paa, wala usiliache mbele ya kioo juani.

Ukifika, usipime papo hapo. Kipimo kilichotoka penye baridi kikifunguliwa penye joto hushika umande. Kiache kivulini karibu na mahindi yatakayopimwa, mpaka vyote viwe na joto moja.

Lakini utajuaje kwamba hakikuumia? Weka mahindi makavu ya kujaza kikombe katika chupa yenye kifuniko cha kukaza, nayo isafiri pamoja na kipimo. Yapime kabla ya kuondoka, uandike hesabu. Ukifika yapime tena. Hesabu zikiachana sana, usikiamini kipimo mpaka fundi akitazame.

Siku hiyo tumia chumvi. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ufunike na kutikisa kwa dakika moja. Ngoja dakika 15. Chumvi ikishikamana na kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi yarudi juani. Isiposhikamana, usiseme yamefika 13.5, yaanike siku nyingine kabla ya kuyatia guniani.