Kani: Mkokoteni Unaposhuka Mlima

Kila siku unasukuma na kuvuta vitu. Asubuhi unasukuma mlango. Kisimani unavuta kamba ya ndoo. Jikoni unasukuma mchi ndani ya kinu. Kusukuma huko na kuvuta huko huitwa kani. Labda neno hili ni geni kwako, lakini kazi yenyewe umeifanya tangu utoto.

Leo tutajifunza kani kwa kutazama mkokoteni. Nimechagua mkokoteni kwa sababu mimi nao tuna ugomvi wa zamani. Nitaueleza baadaye.

Kwanza weka jiwe sakafuni. Ukiliacha litakaa hapo hapo. Hata kesho utalikuta. Halitaondoka mpaka kani ilisukume au ilivute. Jambo hilo kila mtu analijua. Sasa lisukume kwa nguvu, kisha uliachie. Litakwenda kidogo, halafu litasimama. Je, limesimama lenyewe?

Wengi husema jiwe limechoka. Hata mimi nilijibu hivyo nilipokuwa mwanafunzi, na darasa zima likacheka. Jiwe halichoki. Jiwe limesimamishwa na sakafu. Vitu viwili vinapogusana na kimoja kikapita juu ya kingine, husuguana. Kusuguana huko nako ni kani. Huitwa msuguano. Kazi yake ni kuzuia mwendo.

Chukua chupa tupu uhakikishe. Isimamishe sakafuni, uisukume, uiachie. Inakwenda karibu tu. Sasa ilaze, uisukume ibingirike. Inakwenda mbali. Mkono ni ule ule na sakafu ni ile ile, lakini chupa inayobingirika huzuiwa kidogo sana. Hiyo ndiyo faida ya gurudumu.

Mwingereza mmoja, Isaac Newton, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1687. Alieleza kwamba kitu kilichotulia huendelea kutulia. Na kitu kinachokwenda huendelea kwenda, kwa mwendo ule ule na kwa njia iliyonyooka, mpaka kani fulani ikibadilishe. Sehemu ya kwanza ni rahisi kuamini. Sehemu ya pili ndiyo inayovunja watu miguu.

Nilikuwa na miaka 17. Mimi na shemeji yangu tulipakia magunia manne ya mahindi kwenye mkokoteni wa mkono, tukaenda mashineni. Kabla ya mto kuna mteremko. Mimi nilikuwa mbele nimeshika mikono ya mkokoteni. Shemeji alikuwa nyuma, anauzuia kwa kamba. Katikati ya mteremko kamba ilikatika. Shemeji akapiga kelele, "Achia! Ruka pembeni!" Sikuachia. Niliona aibu mahindi ya dada yangu yamwagike mikononi mwangu. Nikakita miguu nikidhani nitauzuia. Mkokoteni ulinisukuma kama unyasi, na gurudumu likapita juu ya mguu wangu. Nilikaa miezi mitatu nimefungwa plasta. Mahindi yalimwagika vile vile.

Tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Gunia moja ni kilo 100. Magunia manne ni kilo 400. Mkokoteni wenyewe tuseme kilo 100. Jumla ni kilo 500.

Dunia huvuta kila kitu kuelekea chini. Kani hiyo huitwa mvutano. Katika njia tambarare, mvutano hukandamiza magurudumu ardhini tu. Hauupeleki mkokoteni mbele wala nyuma. Katika mteremko ni tofauti. Sehemu ya mvutano huo huuvuta mkokoteni kufuata njia. Ikiwa ukitembea mita 10 unashuka kimo cha mita 1, basi sehemu hiyo ni moja ya kumi ya uzito wote. Kwa kilo 500, ni kama kushikilia kamba inayoning'iniza mzigo wa kilo 50 kisimani. Ukitembea mita 10 ukashuka mita 2, mzigo huo unakuwa kilo 100. Nani ataushikilia peke yake?

Msuguano wa magurudumu utakusaidia, lakini kidogo. Ukiwa umeyapaka grisi vizuri, msaada huo unapungua tena. Grisi ile ile tunayoishukuru wakati wa kupanda, wakati wa kushuka haiko upande wetu.

Nawe mwenyewe unazuia kwa kitu gani? Kwa nyayo zako. Nyayo hushika ardhi kwa msuguano. Penye changarawe au tope msuguano ni mdogo, na wewe unateleza pamoja na mkokoteni.

Tena mvutano hauchoki. Mkokoteni ukishaponyoka, kila hatua unaongeza mwendo. Hapa sikiliza vizuri. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kuusimamisha huongezeka mara nne. Kama ungeusimamisha kwa hatua 3, sasa kwa nguvu zile zile unahitaji hatua 12. Kwa hiyo mkokoteni huzuiwa kabla haujaanza kukimbia.

Unapofika juu ya mteremko, simama. Weka jiwe mbele ya kila gurudumu. Ikague kamba kwa macho na kwa mkono. Kama mzigo ni mkubwa, punguza magunia, uende safari mbili. Kisha geuza mkokoteni, mzigo utangulie chini, nanyi muushikilie kutoka upande wa juu. Hakikisheni hakuna mtu wala mtoto huko chini. Wengine hufunga gogo zito nyuma likokotwe ardhini. Gogo hilo ni breki, maana linaongeza msuguano. Kwa mkokoteni wa ng'ombe breki inahitajika zaidi, kwa sababu mzigo huwasukuma ng'ombe kwa nyuma na nira huwapanda vichwani.

Ukiponyoka, uachie. Ruka pembeni.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mkokoteni wenye mzigo ni mgumu kuuanzisha, na pia ni mgumu kuusimamisha?

2. Taja mahali nyumbani mwako ambapo unataka msuguano uwe mkubwa, na mahali ambapo unataka uwe mdogo.

3. Nendeni pamoja kwenye mteremko mkali kuliko yote kijijini kwenu. Chukueni kamba ya mita 10, ubao ulionyooka na chupa ya maji ya kupimia usawa. Pimeni njia inashuka kimo gani. Kisha pigeni hesabu: mkokoteni wa kilo 500 utavuta kwa kilo ngapi hapo, na ni watu wangapi kati yenu wanaoweza kuushikilia?