Brixton: Kitongoji cha London na Polisi Wake

Somo la toleo hili latupeleka Uingereza, katika kitongoji cha Brixton, kusini mwa jiji la London. Tumekichagua kwa kuwa ni mahali penye wageni wengi, soko kubwa na polisi wasiokosekana barabarani, mambo ambayo mkaazi wa mpakani hahitaji kuelezwa.

Zamani Brixton palikuwa mashamba. Reli ilipofika katika miaka ya 1860, watu wenye kipato kizuri walijenga huko nyumba kubwa, na katika miaka ya 1880 barabara mojawapo ya soko ikawa miongoni mwa barabara za kwanza za maduka nchini humo kuwashwa taa za umeme. Hata leo inaitwa Electric Avenue. Baadaye wenye uwezo walihama, na nyumba zile zikagawanywa kuwa vyumba vya kupangisha.

Tarehe 22 Juni 1948 abiria wa meli ya Empire Windrush walishuka katika bandari ya Tilbury. Wengi walitoka Jamaica, na Uingereza iliyochoshwa na vita ilihitaji wafanyakazi. Zaidi ya 200 kati yao, waliokosa makao, walilazwa katika handaki la wakati wa vita huko Clapham South. Ofisi ya kutafutia kazi iliyokuwa karibu nao ilikuwa Brixton. Basi wengi waliopata kazi walitafuta vyumba huko huko. Wao na wenzao waliowafuata waliendesha mabasi na kuuguza wagonjwa, lakini wenye nyumba wengi waliwafungia milango, nazo benki ziliwanyima mikopo. Wakategemea upatu, ambao wao huuita pardner: kila mmoja hutoa fungu lake, na kwa zamu mmoja huchukua zote. Ni nani kati yetu asiyeujua mchezo huo? Kwa fedha za upatu familia nyingi zilinunua nyumba, na sokoni pakajaa viazi vikuu, ndizi za kupika na samaki wa kukaushwa.

Sasa tufike kwenye sehemu inayotuhusu sisi askari. Kufikia miaka ya 1970 watoto wa wahamiaji hao, wengi wao wazaliwa wa London, walikosa kazi, na wizi wa kupora barabarani uliongezeka. Polisi walitumia sheria ya mwaka 1824 iliyowaruhusu kumkamata mtu kwa kushukiwa tu kwamba ananuia kutenda kosa. Mwanzoni mwa Aprili 1981 waliendesha operesheni iliyoitwa Swamp 81. Askari zaidi ya 100 waliovaa kiraia waliwasimamisha watu 943 kwa siku chache na kuwakamata 118. Zaidi ya nusu ya waliosimamishwa walikuwa weusi. Viongozi wa jamii hawakushauriwa.

Jioni ya tarehe 10 Aprili askari walijaribu kumsaidia kijana aliyechomwa kisu. Umati uliamini kwamba wanamzuia asifike hospitalini, na uvumi ukaenea kwamba ameachwa afe. Hebu tutafakari hapo: askari alikuwa anatenda wema, lakini hakuna aliyemwamini. Kesho yake mtaa uliwaka moto. Magari na majengo yaliteketea, na askari zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Serikali ilimteua jaji, Lord Scarman, kuchunguza. Ripoti yake ya Novemba 1981 haikuwasamehe waliochoma mali, lakini ilieleza waziwazi ukosefu wa kazi, ubaguzi, na kasoro ya polisi kufanya kazi bila kuisikiliza jamii. Sheria ile ya kushukiwa ilifutwa mwaka huo huo. Sheria ya mwaka 1984 ikamlazimu askari, kabla ya kumpekua mtu barabarani, ataje sababu na kitu anachotafuta, jina lake na kituo chake, kisha aandike kumbukumbu ambayo aliyepekuliwa aweza kudai nakala yake. Iliagiza pia kuwe na utaratibu wa kupata maoni ya wananchi juu ya ulinzi wa eneo lao. Brixton ilikuwa imetangulia: tangu 1982 wakaazi na makamanda walikutana hadharani. Aidha, raia wa kawaida waliruhusiwa kuzuru mahabusu bila kutoa taarifa, waone hali ya waliofungwa. Kwa maoni yangu hatua hii ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwani kikao huandaliwa lakini ziara ya ghafla haiandaliwi.

Mabadiliko hayo hayakumaliza matatizo. Septemba 1985 askari waliingia alfajiri katika nyumba ya Cherry Groce wakimtafuta mwanawe, wakampiga risasi mama huyo, naye hakutembea tena. Ghasia zilizuka upya. Alifariki mwaka 2011, na mwaka 2014 mkuu wa polisi wa London aliiomba familia radhi.

Kumbukumbu yake ilizinduliwa Aprili 2021 katika uwanja wa Windrush, katikati ya Brixton. Kampuni iliyoibuni ni ya David Adjaye, mbunifu wa majengo aliyezaliwa Dar es Salaam. Ni paa lililoegemea nguzo moja, juu yake mimea na chini yake mahali pa kukaa, ambapo mpita njia yeyote, askari au raia, aweza kujikinga mvua.