Makapi ya embe yana madini, je, mwili unayapata?

Msimu wa embe ukifika Tabora, neema huwa tele. Miembe ni sehemu ya urithi wa njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa hadi Ujiji. Kuanzia Chemchem hadi Gongoni blenda huunguruma, juisi huchujwa, makapi na maganda huishia jalalani.

Wapo wanaosema hiyo ni israfu. Wanashauri maganda yakaushwe, yasagwe na kuliwa kama tiba ya upungufu wa damu, kwa hoja kwamba vipimo vya maabara vinaonesha yana madini. Ni kweli yanayo. Lakini suala la kujiuliza ni hili: madini kuwemo ndani ya chakula, ndiyo kuingia kwenye damu?

Jibu ni hapana. Madini sharti kwanza yaachiwe na chakula na kuyeyuka, ndipo utumbo mwembamba uyanyonye. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walieleza njia ya kuiga kazi hiyo maabara: chakula hutiwa asidi na pepsini kama tumboni, kisha vimeng'enya vya kongosho pamoja na nyongo, halafu hupimwa chuma kinachopenya kwenye utando mwembamba. Kinachopenya ni sehemu tu ya kile kilichomo.

Kwa nini? Maganda na makapi yana nyuzinyuzi nyingi na viambata jamii ya tanini, kama vile vilivyomo kwenye chai, ambavyo hukishika chuma kisinyonywe. Vitamini C, inayokisaidia chuma kunyonywa, sehemu kubwa huondoka na juisi, na inayobaki hupungua kwa kukaushwa juani.

Sasa tazama nyama ya embe yenyewe. Gramu 100 zina chuma miligramu 0.2 hivi, kiasi kidogo mno, lakini vitamini C ni takriban miligramu 36. Maana yake, faida ya embe kwa mwenye upungufu wa damu si chuma chake, bali ni kusaidia chuma cha maharage, kunde na mchicha kiingie mwilini. Basi lile pamoja na mlo huo, au unywe juisi yake mbichi bila kuichemsha, na chai isubiri walau saa moja.

Hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo navyo huuleta, na unga wa maganda hautibu malaria. Mama mjamzito akiacha vidonge vya chuma vya kliniki kwa kutegemea unga huo, anajihatarisha yeye na mwanawe.

Makapi wape mbuzi, au uyachanganye kwenye uji kwa ajili ya nyuzinyuzi. Damu ikipungua, nenda ukapimwe.