Nanga Imeshika Kweli?

SWALI: Nakaa Masumbwe, lakini boti yangu ndogo ya matanga iko Nkome, Ziwa Victoria. Nitajuaje kama nanga imeshika?

JIBU: Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo, uzito pekee hautoshi. Kutoka omo hadi chini kukiwa mita 4, kamba ilegezwe mita 28, mara 7, ikitanguliwa na mnyororo upande wa nanga.

Kisha injini irudishe boti nyuma, nguvu ikiongezwa kidogo kidogo. Nahodha atazame alama mbili zilizopangana nchi kavu, mfano mti na paa lililo nyuma yake. Kamba ikishakaza, zikizidi kuachana, nanga inaburuta.

Aiguse kamba pia: ikitetemeka kwa kushtukashtuka, nanga inakwaruza mawe.

Ikiburuta, ing'olewe na kutiwa upya kabla giza halijaingia.